Maji Yakipotea Njia: Historia ya Kukagua na Kukarabati Mifereji na Miteremko ya Usambara

Milima ya Usambara ni bonge la miamba ya kale lililoinuliwa na mipasuko ya ardhi. Miamba yenyewe ina umri wa zaidi ya miaka milioni 500, nayo ni kipande cha Milima ya Tao la Mashariki inayoanzia Taita nchini Kenya na kwenda hadi Udzungwa. Mipasuko iliyoipandisha ndiyo iliyozikata kingo zake karibu wima: mtu akisimama Irente, jirani na mji wa Lushoto, nyika ya Mkomazi iko karibu mita 1,000 chini ya miguu yake. Bonde la Lwengera linaigawa milima hiyo sehemu mbili, Usambara Magharibi yenye Lushoto, Soni, Mlalo na Bumbuli, na Usambara Mashariki yenye Amani.

Umbo hilo ndilo linaloamua tabia ya maji. Mvua za vuli na za masika zikinyesha katika misitu ya Shagayu, Shume na Magamba, maji hayana pa kutulia. Yale ya upande wa Mlalo hushika Mto Umba hadi Bahari ya Hindi karibu na mpaka wa Kenya. Yale ya Lushoto huporomoka Soni, yakashuka Mombo, yakaungana na maji ya Mkomazi na Pangani. Njiani hukutana na mashamba, barabara, vijiji na vyoo. Kila kitu kilichojengwa mlimani humo kimejengwa kwenye njia ya maji au kando yake, na kila kizazi kimelazimika kuikarabati njia hiyo baada ya kuharibika. Ugomvi wa muda mrefu umekuwa juu ya nani akague uharibifu na nani ashike jembe.

Ingawa milima imezaliwa na mipasuko, matetemeko makubwa yanayokumbukwa nchini Tanzania yametokea mbali nayo. Lile la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910 lilikuwa na ukubwa wa zaidi ya 7. La Ziwa Tanganyika la tarehe 5 Desemba 2005 lilifikia 6.8, la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa la 5.9. Usambara ardhi husogea kwa sababu nyingine, nayo ni udongo ulioshiba maji. Kwa mfereji au shimo la choo, hata hivyo, tofauti ya chanzo haina uzito mkubwa. Mteremko umehama, njia ya maji imekatika, na maji, yawe ya kunywa, ya shamba au taka, yameanza kujitafutia njia mpya.

Wageni wa kwanza kuandika habari za Usambara waliikuta nchi yenye watu wengi na kilimo kilichopangika. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika mwaka 1848 na tena 1852. Richard Burton na John Speke walipanda Vuga, makao ya mfalme, mwaka 1857. Mwaustria Oscar Baumann alichapisha kitabu kizima juu ya Usambara mwaka 1891. Wasambaa walipenda kujenga kwenye migongo ya vilima, migomba ikizunguka nyumba, mahindi na maharage yakichanganywa mteremkoni, na bonde lenye unyevu likiachiwa mazao ya kiangazi. Mifereji ilichukua maji juu kwenye kijito na kuyapeleka kwa kuzunguka ubavu wa mlima hadi mashambani.

Mfereji wa namna hiyo ni kazi ya hesabu iliyofanywa bila chombo cha kupimia. Ukiwa na mwinamo mdogo mno, unajaa tope; ukiwa na mwinamo mkubwa, maji yanakula sakafu na kuubomoa ukingo wa chini. Waliouchimba waliyaachia maji yenyewe yapime: walichimba hatua chache, wakafungulia, wakatazama yanavyokwenda, ndipo wakaendelea. Banio, yaani kizuizi cha kuyaelekeza maji mferejini, lilijengwa kwa mawe, magogo na matawi. Lilikuwa dhaifu, na udhaifu huo ulikuwa na faida yake. Mafuriko yakija, banio lilisombwa kabla maji mengi hayajaingia mferejini na kuupasua mlimani, mahali ambapo kuutengeneza ni kazi ya wiki nzima. Kulijenga upya banio lilikuwa jambo la asubuhi moja.

Ukaguzi ulifanywa kwa miguu, kutoka mashambani hadi kwenye banio, hasa baada ya mvua kubwa ya usiku. Dalili zilijulikana. Majani mabichi chini ya mfereji wakati wa kiangazi yalionyesha uvujaji wa polepole. Maji yaliyotokea chini ya ukingo yakiwa safi hayakutisha sana. Yakitoka na tope, ilimaanisha kwamba udongo wa ndani unasombwa na ukingo utakatika karibuni. Migomba iliyoanza kuinama pamoja, yote upande mmoja, au ufa wa nusu mwezi uliojitokeza juu ya shamba, ulikuwa onyo kwamba mteremko wenyewe unahama. Hapo dawa ilikuwa kuufunga mfereji kwanza, kisha kuusogeza ndani zaidi ya mlima. Ukingo uliotoboka ulizibwa kwa mawe, vipande vya mgomba, na mabonge ya udongo yaliyokatwa pamoja na majani na mizizi yake, yakakanyagwa kwa miguu. Majani yakishika upya, mizizi huufunga ukingo. Wanaotumia saruji leo wanajua kwamba haijiponyi hivyo.

Kazi hiyo ilikuwa ya wote waliokunywa maji ya mfereji mmoja. Milimani kwa majirani zao Wapare, ambako kazi ya pamoja huitwa msaragambo, utaratibu ulifanana: asiyefika kwenye ukarabati alikosa zamu ya maji au alitozwa. Huko Upareni palikuwa pia na ndiva, mabwawa madogo ya kulaza maji ya usiku ili mchana yatoke kwa nguvu. Ujuzi wa kuyaangalia maji, kwa hiyo, haukukaa mikononi mwa fundi mmoja. Kila mwenye zamu alikuwa mkaguzi wa kipande chake.

Juu ya wote alikaa mfalme. Ukoo wa Wakilindi, unaomtaja Mbegha kuwa mwanzilishi wake, ulitawala kutoka Vuga, na mtawala aliitwa Simba Mwene. Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, ndiye aliyeufikisha ufalme huo kileleni. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi miongoni mwa Wasambaa na kuandika vitabu viwili vikubwa juu yao, ameonyesha jinsi hali ya ardhi na hali ya utawala zilivyosomwa pamoja. Mfalme mwenye nguvu zisizopingwa aliiponya nchi, mvua zikaja kwa wakati. Watawala wakigombana, nchi iliharibika. Mtaalamu wa udongo anaweza kutabasamu akisikia hivyo, lakini nadharia hiyo haikuwa mbali na mambo yenyewe. Baada ya 1862 warithi wa Kimweri walipopigana kwa miaka mingi, na biashara ya watumwa na bunduki ikawaingia, watu walikimbia, na mfereji ambao wenyewe wamekimbia haupiti misimu mingi bila kukatika.

Wajerumani walileta jicho lingine. Misheni ya Bethel ilijijenga Mlalo mwaka 1891 na kupaita Hohenfriedeberg. Lushoto ikawa Wilhelmstal, makao ya wilaya yenye hewa ya kuwapumzisha maofisa wa pwani. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902 na Mombo 1905. Mwaka 1902 pia ilifunguliwa Amani taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, mojawapo ya taasisi kubwa za aina hiyo katika Afrika ya wakati huo. Juu, Shume, kampuni ya mbao ilivuta magogo ya mierezi na kuyashusha kwa kamba ya chuma hadi Mkumbara penye reli.

Kwa historia ya maji, mambo mawili ya kipindi hicho yalibaki. La kwanza ni misitu ya hifadhi: mistari ilichorwa, na vyanzo vingi vya mifereji vikawa ndani ya mistari hiyo. Waliotembea kila baada ya mvua kwenda kukagua banio walijikuta wakiingia mali ya serikali. La pili ni barabara. Barabara ya Mombo hadi Lushoto, kama kilomita 33 kupitia Soni, imechongwa kwenye ubavu wa bonde, na ubavu ukichongwa, mguu wa mteremko umeondolewa. Maji yaliyokuwa yakisambaa mlima mzima yanakusanywa na mtaro wa barabara na kumwagwa mahali pamoja chini ya kalvati. Ukitazama leo chini ya kalvati nyingi za milimani, korongo linaanzia hapo hapo. Mashamba makubwa ya walowezi nayo yaliwabana wenyeji, wakaanza kulima miteremko ambayo mababu zao waliiachia nyasi na miti.

Waingereza walipochukua Tanganyika, gavana Donald Cameron alianzisha utawala kupitia machifu, na sheria ya mwaka 1926 iliwapa machifu mamlaka ya kutoa amri juu ya kilimo, moto na maji. Kwa miaka kadhaa amri hizo zilikuwa za karatasi. Hofu iliingia katika miaka ya 1930. Vumbi lililofunika nyanda za kati za Marekani lilikuwa limewashtua watawala dunia nzima, na Sir Frank Stockdale, mshauri wa kilimo wa Wizara ya Makoloni, alizunguka Afrika Mashariki mwaka 1937 akitazama mmomonyoko. Tangu hapo afisa wa kilimo aliyeona shamba la mteremkoni aliona jeraha.

Jaribio kubwa lilianza Mlalo mwaka 1946. Mlalo ni bakuli la milima lenye watu wengi, mashamba yamepanda hadi kwenye msitu, na Mto Umba unapita chini. Mpango wa kuirudishia ardhi afya yake ulianzia hapo, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ukapanuliwa kuwa Mpango wa Usambara, kwa wilaya yote. Tathmini ya wataalamu haikuwa ya uongo: udongo wa juu ulikuwa ukiteremka, vijito vilikuwa vikifurika na kukauka haraka kuliko zamani, na mapumziko ya mashamba yalikuwa yamefupika. Kilichoharibika ni hatua ya kutoka kwenye tathmini hadi kwenye dawa.

Dawa ilikuwa matuta. Kila mlipa kodi alitakiwa kulima kipande cha shamba lake kwa matuta yanayofuata mkingamo wa mlima, na kati ya tuta na tuta kuwekwe vizuizi vifupi, ili mvua ikinyesha maji yakae kwenye visanduku vya udongo na kunywea hapo hapo. Kulima miteremko mikali kabisa kulikatazwa. Kuchoma mabaki ya shamba kulikatazwa. Mifugo haikuruhusiwa kula mabua baada ya mavuno. Aliyekaidi alipelekwa kwenye baraza la chifu, akapigwa faini au akafungwa.

Kwenye tambarare yenye mwinamo mdogo, matuta ya visanduku ni njia nzuri; nchi kavu nyingi zimeyatumia kwa mafanikio. Kwenye mteremko wa Mlalo yana hatari. Yanalazimisha maji kukaa juu ya udongo uliolegezwa kwa jembe, na mvua ikizidi uwezo wa visanduku, tuta la juu hupasuka, maji yake hushukia la pili pamoja na yale lililokuwa nayo, nalo hupasuka, hadi chini. Maji yaliyonywea yote nayo huongeza uzito wa udongo uliolala juu ya mwamba uliolowa. Wakulima walieleza jambo hilo kwa lugha yao. Walilalamika pia kwamba kuinua tuta kunaleta juu udongo mwekundu usio na rutuba na kuufukia ule mweusi, na kwamba matuta hayakai na kilimo cha mchanganyiko ambacho majani yake yalikuwa yakiifunika ardhi muda wote wa mvua.

Kisha kulikuwa na suala la jasho. Sehemu kubwa ya kulima mashamba ya chakula ilikuwa kazi ya wanawake, huku wanaume wengi wakienda kwenye mashamba ya mkonge ya tambarare kutafuta fedha za kodi. Amri ilimtaja mlipa kodi. Mgongo uliouma ulikuwa wa mkewe. Na katazo la miteremko mikali halikumgusa kila mtu sawasawa. Mwenye bustani za migomba na kipande cha bonde aliliona kama usumbufu. Aliyekuwa na ubavu wa mlima peke yake, au aliyeazima shamba kwa jirani, alikuwa anaambiwa asile. Ramani za mpango zilionyesha pembe za mteremko, hazikuonyesha nani analima wapi kwa ruhusa ya nani.

Upinzani ulianza chinichini na kuishia hadharani. Watu walilima matuta siku ambayo mkaguzi angepita na kuyabomoa wakati wa palizi; wengine walikwenda barazani kwa makundi; machifu walijikuta katikati, wakiwa wameagizwa na bwana shauri wa kikoloni kuwafunga watu ambao kijadi wao machifu walipaswa kuwaponyea ardhi. Chuki dhidi ya matuta ikawa pia chuki dhidi ya utawala wa Wakilindi chini ya Waingereza. Chama cha siasa cha TANU, kilichoundwa mwaka 1954, kilikuta kuni zimekwisha kukauka. Milima ya Uluguru, ambako mpango wa ngazi za mashamba ulikuwa ukitekelezwa kwa nguvu, ilipata ghasia zilizomwaga damu mwaka 1955, na serikali ikasoma alama. Kufikia mwaka 1958 matuta ya lazima ya Usambara yalikuwa yameachwa.

Gharama ya kushindwa huko haikuonekana mara moja. Baada ya uhuru mwaka 1961 na kufutwa kwa uchifu mwaka 1963, kukinga udongo kulinuka ukoloni. Afisa ugani aliyetamka neno matuta alikumbusha jela. Wakati huo huo idadi ya watu iliongezeka, kabichi, nyanya na viazi vikapata soko Tanga na Dar es Salaam, na mabonde yaliyokuwa yakilimwa kiangazi tu yakageuka bustani za mwaka mzima. Mifereji ya mboga ilichimbwa haraka, mara nyingi ikashushwa moja kwa moja kufuata mteremko.

Ushahidi mzuri wa jinsi milima ya aina hii inavyovunjika ulitoka Uluguru. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya zaidi ya milimita 100 ilinyesha Mgeta, milimani humo, kwa muda usiofika saa tatu, na milima ikachanika mahali zaidi ya 1,000. Anders Rapp wa Uppsala na Paul Temple wa Dar es Salaam walitembea kwenye makovu hayo na kuyapima moja moja. Mengi yalikuwa na kina cha mita moja au mbili tu: gamba la udongo uliolegea limeteleza juu ya mwamba. Lililokuwa na maana kubwa kwa Usambara ni mahali yalipoanzia. Karibu yote yalianzia kwenye mashamba na nyasi. Ndani ya msitu hayakufika asilimia moja. Mizizi mirefu ilikuwa imelishona gamba kwenye mwamba. Tathmini hiyo ilikosoa pia ngazi na matuta kuwa dawa ya peke yake, kwa sababu ngazi inazuia udongo kusombwa juu juu lakini haiushiki udongo unaoteleza mzima mzima.

Wakati huo huo maji taka yalianza kuingia kwenye hesabu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusikiliza, iliwashirikisha watu wapatao milioni mbili nchini, na moja ya matunda yake ilikuwa vyoo vya shimo vilivyochimbwa kwa wingi vijijini. Tambarareni shimo ni shimo. Mlimani lina mlango wa pili usioonekana: kinachonywea kwenye nyumba ya juu kinaweza kutokea kwenye chemchemi ya nyumba ya chini, na shimo lililochimbwa ukingoni mwa kiwanja kilichochongwa hudhoofisha ukingo huo huo. Kampeni iliwaambia watu wachimbe. Suala la wapi wachimbe liliachwa kwa kila kaya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Tanzania na Ujerumani Magharibi zilianzisha Lushoto mradi wa kuzuia mmomonyoko na kilimo mseto uliojulikana kwa kifupi chake, SECAP. Ulidumu takriban miaka 20, na tofauti yake na Mlalo ya 1946 inaonekana kwenye jambo dogo: mradi haukuanza na tuta, ulianza na ng'ombe. Majani ya guatemala yalipandwa kwa mistari inayokingama mteremko, kwa umbali wa hatua kadhaa, yakafuatana na miti ya mgrivea na matunda. Mstari wa majani unazuia udongo kidogo kila mvua, na baada ya miaka ngazi inajijenga bila kuchimbwa. Lakini mkulima hakuombwa aamini ngazi ya miaka kumi ijayo. Alipewa ng'ombe wa maziwa chotara wa kufugwa zizini, na ng'ombe huyo alikula guatemala. Aliyekata majani kwa ajili ya maziwa alikuwa akiutunza mkingamo bila kuagizwa, na samadi ilirudi shambani.

Mradi haukuwafikia wote. Ng'ombe ni mali ya mwenye uwezo wa kujenga zizi na kumudu dawa. Kaya maskini zilibaki na mistari ya majani isiyo na mlaji, na mistari isiyo na mlaji hung'olewa kupisha maharage. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati watafiti wa mpango wa nyanda za juu za Afrika walipoanza kazi katika vijiji kama Kwalei, walikuta ubavu mmoja wa bonde ukiwa umekingwa vizuri na wa pili ukiwa wazi, na maji ya ule wazi yakivunja kazi ya ule uliokingwa. Funzo lilikuwa kwamba shamba moja haliwezi kukarabatiwa peke yake; kipimo sahihi ni bonde, kuanzia chanzo hadi mtoni.

Mifereji ya asili ilipata mradi wake pia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, shirika la Uholanzi la SNV lilisaidia kuboresha umwagiliaji wa jadi katika milima ya Usambara na Upare. Mabanio ya matawi yalibadilishwa kuwa ya saruji, malambo ya kulaza maji yakasakafiwa, na watumiaji wakasajiliwa kuwa vikundi vyenye katiba na mweka hazina. Hata hivyo banio gumu lina tabia yake: halisombwi. Mafuriko yanapokuja yanaingia mferejini yote, isipokuwa kuna mlango wa kumwaga ziada na mtu aliyekumbuka kuufungua usiku wa mvua. Tope nalo hujaa nyuma ya saruji, na kulizoa ni kazi ya kila mwaka ambayo hakuna mfadhili anayeipenda, kwa kuwa haina uzinduzi.

Usimamizi wa maji yenyewe ulihamia kwenye mabonde ya mito. Ofisi ya Bonde la Pangani, ambayo eneo lake linajumuisha pia Umba, ilianzishwa mwaka 1991, na sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 ilizipa jumuiya za watumia maji nafasi ya kisheria. Mfereji uliokuwa wa ukoo sasa unahitaji kibali. Kwa upande wa vijiji, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, RUWASA, ulianza kazi mwaka 2019.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 492,441 wilayani Lushoto, na wingi huo umebadilisha maana ya maporomoko. Jirani, katika wilaya ya Same, mteremko ulioporomoka Mamba Miamba mwezi Novemba 2009 uliua watu zaidi ya 20 katika kijiji cha Goha. Zamani kipande kama hicho kingezika shamba. Sasa kinazika nyumba, bomba na karo la maji taka kwa pamoja, na mkaguzi anayefika asubuhi ana vitu vitatu vya kuangalia mahali pamoja.

Utaratibu wa ukaguzi wa namna hiyo umejifunzwa zaidi katika nchi za matetemeko. Mjini Christchurch, New Zealand, tetemeko la tarehe 22 Februari 2011 liliigeuza ardhi ya chini kuwa uji. Mabomba ya maji taka yaliyotegemea mwinamo yalipinda, mengine yakaelea, mengi yakajaa mchanga. Mji uligawa vyoo vya kubebeka mitaani, ukapeleka kamera ndani ya mabomba kilomita baada ya kilomita, na kuunda muungano wa wakandarasi wa kuyajenga upya. Hesabu ya Kagera mwaka 2016 ilikuwa ya aina nyingine. Tetemeko la Septemba liliua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba za matofali yasiyofungwa kwa nondo. Shule za Ihungo na Nyakato zilifungwa. Nyumba nyingi za mkoa huo hutegemea mashimo na makaro, kwa hiyo hapakuwa na bomba kuu la kupitishia kamera. Kila kaya ilikuwa na mfumo wake mzima wa maji taka nyuma ya nyumba, na kila mmoja ulihitaji kukaguliwa peke yake.

Lushoto inafanana zaidi na Kagera kuliko Christchurch, ikiwa na tatizo la ziada la mteremko. Shimo lisilojengewa kuta hubomoka ndani likitikiswa au likilowa, na sakafu yake hubaki ikining'inia juu ya uwazi. Ndiyo sababu mkaguzi hugonga sakafu kwa mti kabla ya kukanyaga. Karo lenye ufa halionyeshi kitu juu. Dalili yake ni ile ile ya mfereji unaovuja, yaani majani mabichi yasiyo ya msimu chini yake, na harufu. Kiwango cha karo kikishuka ghafla bila kunyonywa, maji yanaingia mteremkoni, na kazi ya kwanza ni kuzuia chemchemi za chini zisitumike kwa kunywa hadi zipimwe. Kuchimba shimo jipya hufuata baadaye, tena kwa upande, kamwe si juu ya kovu la poromoko, kwa sababu udongo uliokwisha kuteleza mara moja hunywa maji haraka na kuteleza tena. Vyoo vya muda vya shule na kambi huwekwa kwenye mgongo wa kilima, mahali ambapo Wasambaa wa zamani walijenga nyumba zao.

Barabara ya Mombo huendelea kuzibwa na udongo katika misimu ya mvua kubwa, na kuisafisha ndiyo aina ya ukarabati inayofanywa haraka zaidi milimani, kwa sababu mboga hazingoji. Mitaro na kalvati zinazoleta udongo huo husubiri bajeti. Mabondeni suala lililo moto ni la sheria ya mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Katika mabonde mengi ya Lushoto, mita 60 kutoka kijitoni ni bonde lote pamoja na mguu wa mlima, yaani bustani zenyewe zinazolisha masoko. Halmashauri na jumuiya za watumia maji zimekuwa zikitafuta mwafaka kijito kwa kijito: mahali fulani kupanda miti ya maji ukingoni na kuruhusu mboga nyuma yake, mahali pengine kufunga mifereji inayoshuka wima na kuichimba upya kwa kufuata mkingamo.